Darasa Asubuhi, Makumbusho Mchana



Leo nataka tulizungumzie somo ambalo kwetu wengi hulihesabu kuwa la watu wenye nafasi na pesa za kuchezea: historia ya sanaa. Wala siwazungumzii wale wanaokaa chuoni miaka mitatu wakatoka na joho. Nawazungumzia wanaolisoma kwa wiki moja, katikati ya mwaka, na wengi wao ni watu wazima wenye kazi zao, watoto wao na mvi zao.

Huko Ulaya, kuanzia Juni mpaka Agosti, wanafunzi wa kawaida hurudi makwao. Mabweni hubaki, maktaba hubaki, na baadhi ya wahadhiri hubaki pia. Vyuo viliona zamani kwamba mali yote hiyo ikilala bure ni hasara, na mitaani kuna watu chungu nzima waliotamani kusoma ujanani wakakosa nafasi. Ndipo zikaja kozi za kiangazi.

Pale London kuna taasisi inayoitwa Courtauld. Ilianzishwa mwaka 1932, na jina lake ni la Samuel Courtauld, mwenye viwanda vya nguo ambaye kampuni ya ukoo wake ilitajirika kwa hariri ya bandia. Ndiyo, msikilizaji: magauni ya mabibi wa miaka ile ndiyo yaliyonunua picha za Manet na Cézanne unazoziona leo kwenye jumba la picha la Courtauld, kando ya mto Thames. Kila kiangazi taasisi hiyo hutoa kozi za wiki moja moja, na mpango wake hauna makuu. Sehemu ya siku mnakaa darasani, mhadhiri anawaonyesha picha ukutani kwa projekta na kuwaeleza nani alichora nini, lini, na kwa fedha za nani. Sehemu nyingine mnatoka, mnapanda treni ya chini ya ardhi, mnakwenda kusimama mbele ya vitu vyenyewe. Hulazimiki kuwa na shahada. Unalazimika kuwa na ada, na ada yenyewe si haba. Hilo niliseme mapema, asije mtu akadhani naleta habari za bure.

Kilicho bure ni makumbusho. Tangu Desemba 2001, makumbusho ya taifa ya Uingereza yaliyokuwa yakitoza kiingilio yaliacha kutoza, yakaungana na British Museum na National Gallery ambazo mlango ulikuwa wazi tangu hapo. Kwa hiyo yule asiye na ada ya darasa anaweza kupata nusu ya kozi kwa nauli yake tu, akijua pa kwenda na namna ya kutazama.

Na watu wa kawaida wamelisoma somo hili. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilipopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1971, kilifundisha kwa posta, kwa redio na kwa televisheni. Lakini wakati wa kiangazi chuo kiliwaita wanafunzi wa masomo ya utangulizi wakakae wiki moja kwenye kampasi ya chuo kingine. Mtu aliyesoma mwaka mzima jikoni kwake, usiku, watoto wakishalala, akapata wiki moja ya kukaa darasani na wenzake na kubishana nao ana kwa ana juu ya picha na vitabu. Wako waliokumbuka wiki ile kuliko mitihani yenyewe.

Sasa utaniuliza: kwa nini mtu ahangaike kwenda makumbusho, na picha zote ziko kwenye simu? Swali zuri, na jibu lake liko National Gallery, kwenye picha ya Hans Holbein aliyoichora mwaka 1533, inayojulikana kwa jina la Mabalozi.

Ni picha kubwa, zaidi ya mita mbili kwenda juu na mita mbili kwenda upande, imechorwa kwa rangi za mafuta juu ya mbao za mwaloni. Wanaume wawili wamesimama. Wa kushoto ni Jean de Dinteville, balozi wa Ufaransa nchini Uingereza, amevaa koti la manyoya lililompanua mabega. Wa kulia ni rafiki yake Georges de Selve, askofu, amevaa kwa utulivu zaidi. Ukisogea, unaona umri wa balozi umeandikwa kwenye ala ya jambia lake: miaka 29. Wa askofu umeandikwa kwenye ukingo wa kitabu kilicho chini ya kiwiko chake: miaka 25. Vijana wadogo wale, msikilizaji, na wamesimama kama wenye dunia! Katikati yao kuna meza yenye rafu mbili. Juu limetandikwa zulia la Kituruki, na juu ya zulia vimepangwa vyombo vya kupimia jua na nyota. Rafu ya chini ipo tufe ya dunia, kipo kitabu cha hesabu, na ipo ala ya nyuzi, binamu wa udi wetu wa taarabu. Uzi wake mmoja umekatika.

Halafu, chini kabisa, mbele ya miguu yao, kuna kitu cha ajabu. Kirefu, cha rangi ya kijivu, kimelala mshazari. Kwenye simu utadhani ni doa, au kwamba mchoraji alikosea. Mimi nilipofika pale niliwaona watu wakifanya jambo la kuchekesha: wanaondoka katikati, wanakwenda upande wa kulia, wanajibana karibu na ukuta, wanainamisha vichwa. Nami nikafuata mkumbo. Ukisimama pale, ukiitazama picha kwa ubavu, lile doa linajikunja na kuwa fuvu la kichwa cha binadamu, limekamilika, na mashimo ya macho na meno yake. Na wakati huohuo wale mabwana wawili na zulia lao wanabanana na kupotea. Ukitaka kuwaona wenye cheo, huoni mauti vizuri. Ukitaka kuyaona mauti, wenye cheo wanakutoka.

Holbein hakuichora hiyo kwa ajili ya macho peke yake. Aliichora kwa ajili ya mtu mwenye miguu. Hakuna kitabu wala kioo cha simu kitakachokutembeza hatua zile. Mhadhiri wa asubuhi anaweza kukueleza habari ya fuvu mpaka sauti imkauke, lakini mpaka ujibane mwenyewe pale ukutani, unaijua habari hiyo kwa kuambiwa tu.

Jambo la pili ambalo kozi hizi hufundisha ni kukaa. Wengi wetu tukiingia makumbusho tunapita kama mtu aliyefika sokoni wachuuzi wanakunja maturubai: huku macho, kule miguu, mwisho hujui umenunua nini. Jennifer Roberts, profesa wa historia ya sanaa pale Harvard, Marekani, huwataka wanafunzi wake waende makumbusho wakae mbele ya kazi moja ya sanaa kwa saa tatu. Saa tatu, kitu kimoja! Mwanzoni wanamwona kama amerukwa na akili. Lakini yeye mwenyewe alilifanya zoezi hilo kwa picha ya John Singleton Copley ya mwaka 1765, inayomwonyesha kijana aliyekaa mezani na kindi aliyefungwa kwa mnyororo mwembamba. Anasimulia kwamba ilimchukua dakika 9 kugundua kuwa umbo la sikio la yule kijana linafanana na mstari wa manyoya kwenye tumbo la kindi. Dakika 21 kugundua kuwa nafasi kati ya vidole vinavyoshika mnyororo ni sawa na upana wa mdomo wa bilauri ya maji iliyo chini yake. Na ilipita zaidi ya nusu saa ndipo akaona kwamba mikunjo ya pazia la nyuma, iliyoonekana kuchorwa ovyo, inarudia maumbo ya sikio na jicho la kijana. Huyo ni profesa, jicho lake ni kazi yake. Sisi tunaopita kwa sekunde tano tunaona nini?

Hapa waliosema mtembezi hula miguu yake walisema kweli tupu, maana sakafu za mawe hazina huruma. Baadhi ya majumba huazimisha viti vya kukunja. Ukivikuta, chukua kimoja na usione haya. Na beba penseli, maana sehemu nyingi hawataki wino karibu na vitu vya kale.

Sasa tutoke kwenye picha, twende kwenye vyombo, na hapa ndipo habari inapoanza kutugusa sisi watu wa pwani. British Museum kuna chumba namba 95. Kimejaa kauri za Kichina zilizokusanywa na Sir Percival David, vitu karibu 1,700. Viwili kati ya hivyo ni vyombo virefu vya maua, vyeupe, vilivyochorwa kwa rangi ya buluu: joka limeuzunguka mwili wa chombo, na mishikio yake ni vichwa vya tembo. Kwa uzuri, viko vingine vinavyovishinda. Sababu ya walimu kuwasimamisha wanafunzi mbele yake ni maandishi yaliyo shingoni. Yanasema kwamba mtu mmoja jina lake Zhang Wenjin alivitoa sadaka kwenye hekalu, na yanataja mwaka, ambao kwa hesabu ya Kizungu ni 1351.

Kwa nini tarehe ile ni muhimu hivyo? Kwa sababu kabla ya maandishi hayo kujulikana kwa wataalamu wa Ulaya, wengi wao walidhani kauri nyeupe za maua ya buluu zilianza baadaye. Kumbe mwaka 1351 mafundi wa China walikuwa wameshabobea, na hiyo rangi ya buluu madini yake yalitoka upande wa Uajemi. Kuanzia hapo, kila kipande kisicho na tarehe kikaweza kupimwa kwa kulinganishwa na hivi viwili: joka lake limechorwaje, buluu yake ikoje, udongo wake ukoje. Chombo kimoja chenye tarehe kinavipatia umri maelfu ya vyombo visivyo na tarehe. Hiyo ndiyo kazi ya historia ya sanaa ikiondolewa mapambo yake yote.

Na vipande visivyo na tarehe viko wapi? Kwetu vimejaa. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, miaka 20 kabla ya Zhang Wenjin kutoa sadaka yake, akausifu mji na majengo yake. Pale Kilwa Kisiwani mpaka leo mtu anaokota vigae vya vyombo vya kigeni, vya Uajemi, vya Arabuni na vya China, vimechanganyika na vigae vya vyungu vya wafinyanzi wetu. British Museum yenyewe inavyo vigae vya Kilwa. Mwaka 2010 mkurugenzi wake wa wakati ule, Neil MacGregor, alipoendesha vipindi vyake 100 vya historia ya dunia kwenye redio ya BBC, cha 60 kilihusu vigae hivyo. Redioni, msikilizaji! Vitu vya kutazamwa kwa macho vilielezwa kwa sauti tupu, watu wakasikiliza. Nasi tulio kwenye kazi hii hatuna la kujitetea.

Sogea juu zaidi pwani, ufike Gede, kati ya Watamu na Malindi. Magofu yake yaliandikwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024. James Kirkman alianza kuyachimba mwaka 1948, na nyumba zake zimepewa majina kwa vitu vilivyofukuliwa ndani: nyumba ya sarafu ya Kichina, nyumba ya mkasi, nyumba ya kauri. Humo magofuni kuna kaburi lililochongwa tarehe ya Kiislamu, mwaka 802, sawa na 1399. Umeona, msikilizaji? Gede nayo ina kitu chake chenye tarehe, kama vile vyombo viwili vya London. Mchimbaji akishika kaburi lile upande mmoja na kauri za Kichina upande wa pili, anaanza kuupangia mji mzima umri wake, tabaka kwa tabaka. Lakini kwa tahadhari, maana bakuli zuri watu hulitunza. Linaweza kurithiwa na vizazi kadhaa kabla ya kuvunjika, au kabla ya kupachikwa ukutani mwa kaburi kama walivyofanya wazee wa Mambrui na wa Kunduchi. Bakuli linakwambia kaburi haliwezi kuwa la kale kuliko lenyewe. Halikwambii zaidi ya hapo, na anayedai zaidi alete ushahidi mwingine.

Kunduchi ukienda leo, kwenye baadhi ya makaburi utakuta mashimo ya duara tu. Sahani zimebanduliwa zikaenda zake. Na hilo linanipeleka kwenye neno ambalo kozi nyingine za Ulaya hulipita haraka haraka: kitu kilifikaje hapa?

Siku hizi swali hilo limeanza kuulizwa kwa sauti, na vizuri. Shaba na pembe za Benin zilichukuliwa na jeshi la Waingereza mwaka 1897 baada ya kuuteketeza mji. Vitu vya Maqdala, Ethiopia, vilichukuliwa mwaka 1868 kwa njia hiyohiyo. Ujerumani mwaka 2022 ilitia sahihi kuirudishia Nigeria umiliki wa shaba za Benin zilizokuwa kwenye makumbusho yake. British Museum inashikilia sheria ya mwaka 1963 inayoizuia kutoa vitu vyake. Na karibu na sisi kabisa, ngoma takatifu ya Wapokomo wa Mto Tana, Ngadji, iliyochukuliwa wakati wa ukoloni, imekaa kwenye stoo za jumba hilohilo zaidi ya karne moja. Msomaji wa kiangazi anayetembezwa kumbi zile hawezi kuiona. Rai yangu ni kwamba mwalimu anayefundisha rangi na umbo, asifundishe safari ya kitu, anastahili kukatwa nusu ya mshahara wake. Lakini pia sikubaliani na wanaosema basi tusiende kabisa. Nani atadai mali ambayo hajaitazama wala hawezi kuieleza?

Turudi nyumbani, maana hapa nina la kusema. Vyuo vyetu navyo vina likizo ndefu, na mabweni yake nayo yanakaa kimya. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kinajua vizuri namna ya kumfundisha mtu mzima mwenye kazi. Makerere imefundisha sanaa tangu Margaret Trowell alipoanza darasa lake miaka ya 1930, na humo akapita Sam Ntiro, ambaye baadaye aliiwakilisha Tanganyika huko London. Fort Jesus ya Mombasa ina vitu vilivyotolewa kwenye Santo Antonio de Tanna, meli ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697. Makumbusho ya Lamu yana siwa, baragumu la pembe ya ndovu la Pate. Dar es Salaam wapo mafundi wanaochora Tingatinga kwa rangi za kung'aa kama alivyoonyesha Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kwa vipande vya ubao na rangi ya baiskeli mwishoni mwa miaka ya 1960 akafariki mwaka 1972. Mpangie mtu wiki moja ya hayo, asubuhi darasani, mchana mbele ya vitu, na mwalimu anayejua. Umepata kozi ambayo London haiwezi kuitoa.

Kikwazo nakijua, wala si fedha peke yake. Ni jinsi tulivyozoea kuingia makumbusho. Kwenye jumba moja la pwani, ambalo sitalitaja, nililikuta darasa la watoto wa shule ya msingi limepangwa foleni, kila mtoto ameshika bega la mwenzake, wanapitishwa kabati baada ya kabati bila kusimama, mwalimu nyuma anahimiza, "Twende, twende, basi linasubiri." Mtoto mmoja alijaribu kubaki mbele ya bakuli la buluu, pua yake imegusa kioo. Akavutwa mkono. Siwalaumu walimu, maana basi kweli lilikuwa linasubiri na watoto walikuwa zaidi ya 60. Lakini waliopanga safari ile walitaka watoto wafike vyumba vyote, na mtoto yule alikuwa ameshapata chumba chake.

Kwa hiyo ombi langu kwa wakuu wa idara za historia na wakuu wa makumbusho, kuanzia Lamu mpaka Kilwa, ni fupi: likizo ijayo kaeni pamoja, tangazeni kozi moja tu ya wiki moja kwa watu wazima, kwa Kiswahili, kwa ada ambayo mwalimu wa sekondari anaweza kuilipa. Moja tu kwanza.

Na wewe msikilizaji usingoje tangazo. Kiingilio cha mwananchi ni nafuu kuliko cha mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho. Beba na penseli na karatasi. Chagua kitu kimoja, usizidishe. Kama uko karibu na Gede, uliza kaburi lenye tarehe liko wapi. Kama uko Lamu, kaa na siwa. Kaa nusu saa kamili, chora hata kama hujui kuchora, andika uliyoyaona baada ya dakika kumi na uliyoyaona baada ya thelathini. Halafu utuandikie hapa studio utueleze. Barua zitakazofika tutazisoma hewani.